Mwacha Asili Ni Mtumwa: Na Mwenye Asili ya Utumwa Je?

Hatudhani yuko mwalimu wa Kiswahili ambaye hajapata kuiandika methali hii ubaoni: "Mwacha asili ni mtumwa." Aghalabu twaieleza kwa wepesi. Asiyeshika mila za kwao, twasema, hubaki akizitumikia mila za wengine. Wanafunzi hunakili, kengele hulia, nasi siku ya pili twaingia katika methali nyingine. Lakini methali hii ina mtego ndani yake, na mtego wenyewe hauonekani mpaka mtu ainuke aende kuitafuta hiyo asili. Je, akikuta kwamba asili yenyewe ni utumwa? Akikuta kwamba babu wa babu yake hakuingia katika maandishi ya dunia hii kwa ushujaa wala kwa cheo, bali kwa sababu siku moja alipewa chakula, au dawa, au alikombolewa kwa mali na watu wa dini kisha akabatizwa? Mtu huyo akiambiwa asiiache asili yake, ameambiwa ashike nini?

Swali hili limetujia kwa sababu hapa Kampala tumekutana mara kadhaa na watu, wengine wao wanafunzi wetu wa zamani, wanaofunua madaftari ya makanisa na ya hospitali kongwe wakitafuta majina ya wazee wao. Kazi hiyo ni njema. Ila tumeona kwamba wengi huianza kama mtu aendaye kuchukua mali yake iliyowekwa akiba, ilhali kinachowangoja aghalabu ni deni.

Kabla ya kusema ya kwetu, na tutazame ya wenzetu. Mwaka 1685 mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alifuta Amri ya Nantes, ambayo tangu mwaka 1598 ilikuwa imewapa Waprotestanti wa nchi hiyo, walioitwa Wahugenoti, ruhusa ya kuabudu. Makanisa yao yalibomolewa, wachungaji wao wakafukuzwa, na waumini wakakatazwa hata kuihama nchi. Wakaihama hivyo hivyo, kwa siri, kwa maelfu mengi. Miongoni mwao walikuwamo wafumaji wa hariri waliofika London wakakaa mtaa wa Spitalfields. Kwa sisi watu wa lugha lipo jambo dogo la kupendeza hapa, nalo ni kwamba Waingereza walilipata neno lao la kumwita mkimbizi kwa ajili ya watu hawa, na kulitoa katika Kifaransa chao.

Mfumaji maskini haandiki kitabu cha maisha yake. Anayemwandika ni karani: karani wa kanisa anapobatiza mtoto, na karani wa sadaka anapopungukiwa mkate. Kanisa la Wafaransa la Threadneedle Street liliwataka wageni waonyeshe cheti kutoka kanisa walikotoka, na cheti hicho kikaandikwa kitabuni. Hospitali ya Wafaransa, iliyopata hati ya mfalme mwaka 1718, iliandika waliopokewa humo. Pale Spitalfields palikuwa na nyumba ya sadaka ambayo watu waliiita "Supu" tu, na daftari lake la miaka ya 1739 hadi 1741 limesalia hata likapigwa chapa. Mwaka 1885, yaani miaka 200 kamili baada ya amri kufutwa, watu wa London wenye nasaba hiyo na wapenzi wa historia yao waliunda chama cha kukusanya na kuchapisha kumbukumbu hizi. Tangu hapo Mwingereza akisoma kwamba bibi wa bibi yake alisimama mlangoni pa "Supu" na bakuli mkononi, hufurahi, huwaita watoto wake waje waone.

Kwa nini hafichi? Yamkini ni kwa kuwa wazee wale walikimbia kwa ajili ya imani, na umaskini wa namna hiyo una heshima. Lakini sisi twaona sababu nyingine yenye nguvu zaidi. Hakuna shamba linalogombaniwa leo kwa ajili ya bakuli lile, wala posa itakayovunjika, wala kaburi litakalozuiliwa. Aibu ya miaka 300 ni hadithi. Aibu ya miaka 100 ni jirani yako.

Sasa turudi kwetu. Katika kilima cha Namirembe vimehifadhiwa vitabu vya ndoa tangu mwaka 1895. Kanisa lenyewe liliteketea kwa radi mwaka 1910, na hili la matofali tulionalo leo liliwekwa wakfu mwaka 1919, lakini vitabu vipo. Humo mna jina la bwana arusi na kazi yake, mahali anapokaa, jina la baba yake na kazi ya baba yake. Wachunguzi wa historia ya uchumi walivisoma vitabu hivyo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ukaonyesha jinsi dini na shule zilivyowafungulia vijana wale njia ya kupanda ngazi katika enzi ya ukoloni, hata wale ambao baba zao hawakuwa watu wa cheo. Baba mkulima, mwana karani. Baba fundi, mwana mwalimu. Mstari mmoja wa wino, na ndani yake dunia mbili.

Nasi tunao mfumaji wetu, ingawa yeye hakufuma kwa nyuzi. Ni fundi wa lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba. Gome huambuliwa wakati wa mvua, shina likavikwa majani ya mgomba lisiungue na jua, na baada ya mwaka mti huwa umevaa gome jipya. Lile lililoambuliwa hulainishwa kwa moto au mvuke, kisha hupigwa bandani kwa nyundo za mbao zenye mikato, kwanza ya mikato mipana, mwisho ya mikato myembamba, mpaka kipande cha gome kiwe shuka pana, halafu huanikwa juani kikaiva wekundu wa udongo. Mafundi wa Kabaka hutoka katika ukoo wa Ngonge, ukoo wa fisi maji, na kitovu chao ni Nsangwa katika Mawokota. Nguo za pamba zilizoletwa na wafanyabiashara wa pwani, amerikani na nyinginezo, ziliwapunguzia kazi mafundi hawa kizazi baada ya kizazi, ingawa hata leo Waganda wengi hawamziki mtu wao bila lubugo. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa urithi wa binadamu wote. Mjukuu wa fundi wa Ngonge akilikuta jina la babu yake kitabuni, na mbele yake kazi ile, anaondoka na furaha isiyo na doa. Laiti wote wangekuta hayo.

Kwani wapo wengine. Mapadri Weupe walipofika Buganda mwaka 1879 walikomboa watoto waliokuwa watumwa wakawalea karibu na misheni yao. Utumwa katika Buganda haukuwa jambo dogo. Vita vilileta mateka, wanaume wakaitwa baddu, wanawake bazaana, na wengi wa mateka hao walikuwa wanawake na watoto. Mwaka 1893 wakuu wa Kiprotestanti walitia sahihi tamko la kuwaacha huru watumwa wao. Walioachwa huru walikwenda wapi? Wengi hawakwenda popote. Walibaki pale walipokuwa, wakaoa, wakaolewa, wakabatizwa, wakaandikwa.

Na hapa lazima tueleze jambo kwa wasomaji wasio wa Buganda. Mganda bila ukoo ni kama sentensi bila kiima. Ukoo ndio humpa jina, humwambia asimwoe nani na asile nini, humwonyesha atakapozikwa. Katika shughuli kubwa kama ile ya kumtambulisha mchumba, mtu hulanya, yaani hujitaja yeye ni nani, mwana wa nani, mjukuu wa nani, wa mlango gani, wa ukoo gani. Mateka aliyekaa sana katika nyumba alitafutiwa pa kusimama: alipewa jina la ukoo wa watu wale, watoto wake wakalanya kwa ukoo huo, na baada ya vizazi viwili hapana aliyethubutu kusema vinginevyo. Kuuliza kulikuwa ni kukosa adabu.

Bwana mmoja tunayemfahamu, mtu mzima wa miaka zaidi ya hamsini, alilikuta jina la babu wa baba yake katika daftari la kanisa moja la mji huu. Alilitazamia jina la baba mtu. Mahali pake palikuwa patupu, na pembeni pameandikwa kwa mkono mwembamba kwamba mtoto huyu alikombolewa. Basi. Hakuna alikotoka, hakuna mama. Ukoo ambao familia yote imelanya kwao kwa zaidi ya miaka 100 hautajwi. Wakati huo binti yake alikuwa karibu kutambulishwa kwa wakwe.

Alikwenda kwa shangazi yake, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba yao, akamweleza. Bi mkubwa yule alinyamaza kidogo, kisha akamwambia: "Mwanangu, aliyeandika hicho kitabu alimwona babu yenu siku moja. Sisi tuliishi naye."

Tumelifikiri jibu hilo kwa siku nyingi. Wepesi wa kuamini maandishi ni ugonjwa wetu sisi waalimu. Twadhani kilichoandikwa kimeshinda kilichosemwa. Lakini hebu tutazame. Katika habari ya mtoto yule zilikuwapo hisani mbili. Ya kwanza ni ya misheni, iliyomkomboa, ikaandika kwamba imemkomboa. Ya pili ni ya ukoo, uliompa jina, ukasahau kwa makusudi kwamba ulimpa. Kiswahili kina neno kwa kile ambacho ukoo ulikikwepa: masimango. Kumsimanga mtu ni kumkumbusha fadhila uliyomtendea, na kila mswahili ajua kwamba fadhila iliyosimangwa huwa chungu kuliko kunyimwa. Hatusemi kwamba karani wa misheni alikusudia kusimanga. Alikuwa na hesabu ya kutoa kwa wakubwa wake waliotoa fedha. Hata hivyo daftari la sadaka, lipende lisipende, ni simango lisilokufa, mpewaji amekufa, mtoaji amekufa, lenyewe lingali likisema, "Huyu tulimpa."

Tena daftari laweza kusema uongo, na uongo wake ukavaa koti la daktari. Hospitali ya Mengo ilianzishwa na Daktari Albert Cook mwaka 1897, na kumbukumbu za wagonjwa wake zimehifadhiwa Makerere katika maktaba yenye jina lake. Ni hazina kubwa. Jina la mtu wa kawaida, bila cheo, ni rahisi kulikuta humo kuliko katika kitabu chochote cha historia. Sasa fikiri umemkuta mama wa bibi yako, na mbele ya jina lake ugonjwa ulioandikwa ni kaswende. Utasema nini juu yake? Wengi watasema lile ambalo wakubwa wa wakati ule walilisema. Mwaka 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, alitangaza kwamba kaswende imeenea Buganda kwa kiasi cha kutisha, na kati ya sababu alizotoa ni kwamba wanawake wamefunguliwa masharti ya zamani yaliyokuwa yakiwazuia. Miaka mingi baadaye wachunguzi wa historia ya tiba walipozipitia habari hizo waliona kwamba sehemu kubwa ya kilichoitwa kaswende yamkini kilikuwa buba, au kaswende ile isiyo ya zinaa, maradhi ya ngozi ambayo watoto huambukizana wakicheza. Mwanamke yule alikwenda kuomba dawa ya kidonda. Akapewa dawa, akapewa na jina baya juu yake, bila yeye kujua. Mjukuu akilisoma jina hilo na kuliamini, amemhukumu bibi yake kwa ushahidi wa mtu aliyekosea.

Je, basi tuvifunge vitabu, tukae na kimya cha wazee? La, hapo nako hatuwezi kukubali. Kimya kile kilimsitiri mtoto aliyekombolewa, lakini kiliwasitiri pia waliomteka na waliomuuza. Mtu akisema, "Kwetu hapakuwa na watumwa," mara nyingi hamsitiri mtumwa, amsitiri bwana. Na wanawake ndio waliozikwa zaidi katika kimya hicho. Muzaana aliyetekwa Bunyoro au Busoga akazaa Buganda, watoto wake walikuwa wa ukoo wa baba yao, na kwa hiyo hapakuwa na haja hata ya kumtungia nasaba. Alipotea mzima mzima, kwao na lugha yake na mama yake. Hata kitabu cha ndoa chenye safu ya jina la baba hakikumwekea mama safu. Anayemtafuta huyo leo hatafuti sifa wala shamba. Atafuta kumrudishia mtu jina, na hatuoni kwa haki gani angezuiliwa.

Hukumu yetu, ambayo twaitoa tukijua wapo watakaoipinga, ni kwamba siri ya mpewaji ni mali ya kizazi cha mpewaji. Wao ndio wenye haki ya kuifunua, na hata wao hawaifunui kabla ya kushauriana na wakubwa wa nyumba. Jirani hana haki hiyo, wala mpinzani katika kesi ya ardhi, wala kizazi cha mtoaji, wala mwanachuo anayetafuta shahada, isipokuwa ameyafunika majina. Na kizazi cha mpewaji kikifunua, kisome daftari kama wakili wa marehemu, si kama karani wa pili. Kiulize: huyu mtu angesemaje juu ya mstari huu kama angepewa kalamu?

Bwana yule aliwaambia watoto wake wote, jioni moja, nyumbani. Siku ya utambulisho mzee wa familia alilanya kama ilivyolanywa siku zote, na binti akatolewa katika ukoo ule ule. Rafiki yetu mmoja, mwalimu mwenzetu, alipozisikia habari hizi aliita tendo hilo unafiki. Hatuafikiani naye. Ukoo si damu tu. Ni neno lililotolewa likashikwa. Watu waliompa mtoto mgeni jina lao, wakamzika kwao, wakawazuia wajukuu wake wasioane na binti zao kwa kuwa ni ndugu, hao wamelitimiza neno hilo kwa vizazi vinne. Aliyelanya siku ile hakusema uongo. Alishuhudia ahadi. Wala watoto waliojua habari ya ukombozi hawakuwa wamepoteza asili yao. Walikuwa nazo mbili, na methali yetu haisemi kwamba asili lazima iwe moja.

Tungeweza kuishia hapo kama madaftari ya sadaka yangekuwa mambo ya kale. Lakini Uganda ni nchi iliyopokea wakimbizi wengi kuliko nyingine yoyote katika Afrika. Nakivale imepokea watu tangu mwaka 1958, na kila familia iliyopita humo imeandikwa: vichwa vingapi, wametoka wapi, wanapewa nini. Vizazi vitatu kutoka sasa, mtu atakayetaka kujua babu yake aliyetoka Rwanda au Kongo alikuwa nani, atamkuta katika orodha ya mgawo wa chakula.

Na sisi waalimu, tusijione tuko nje ya jambo hili, kwani kila muhula twaandika madaftari ya namna ile ile. Tuna orodha ya wasioweza kulipa karo, orodha ya yatima, orodha ya wanaopewa sare na wafadhili, na mwishoni mwa kila mstari safu ya "maelezo." Tumeziona safu hizo zikijazwa kwa haraka, saa ya mchana, na mwalimu aliyechoka: "baba hajulikani," "mama mlevi," "nyumba chafu." Tumeziona orodha hizo zikisomwa kwa sauti mbele ya shule nzima, mtoto mmoja mmoja akiitwa ainuke. Mwandishi hakukusudia ubaya. Alikuwa na hesabu ya kutoa kwa wakubwa. Katika shule tunayofundisha tumekubaliana, baada ya ubishi mrefu, mambo mawili. Orodha haisomwi barazani. Mtoto huitwa peke yake. Na safu ya maelezo hujazwa mtoto mwenyewe akiwa amekaa mbele ya mwandishi, kisha husomewa kilichoandikwa, akaulizwa kama ndivyo. Kazi huchukua siku mbili badala ya saa moja. Muhula uliopita msichana mmoja wa darasa la sita, aliposomewa kwamba hana wazazi, alisema hapana, na akaomba liandikwe jina la mama yake, kwa kirefu, na kwamba alikuwa mshonaji.